Namba kubwa haiumi, ihoji nayo itakujibu

Leo Jumapili, kabla mtoto hajakimbilia ukurasa wa katuni, mwite aje na penseli na kipande cha karatasi. Na wewe mzazi uliyeapa siku ya mtihani wa mwisho kwamba hutagusa tena hesabu maishani, vuta kiti ukae. Tuna mgeni. Mgeni mwenyewe ni namba.

1,131,950.

Najua ulivyofanya. Macho yako yameiruka yakatua kwenye sentensi hii. Ndivyo tunavyofanya wengi wetu. Namba ikizidi tarakimu nne tunaiona kama mzee mkali aliyeketi barazani: tunampitia mbali, tunaamkia kwa sauti ndogo na kuharakisha. Lakini mzee yule ukimkaribia na kumuuliza swali kwa adabu, utamkuta ana hadithi tele. Basi leo tumkaribie.

Namba hiyo ni idadi ya watu waliohesabiwa katika Kaunti ya Homa Bay katika sensa ya usiku wa Agosti 24, 2019. Jirani yake upande wa kusini, Kaunti ya Migori, walihesabiwa watu 1,116,436. Zamani, wenyeji wa pande hizo wanakumbuka, yote hiyo ilikuwa wilaya moja, South Nyanza, na makao yake makuu yalikuwa mjini Homa Bay. Shika namba hizo mbili. Ziandike juu ya karatasi yako, moja chini ya nyingine.

Swali la kwanza tunaloiuliza namba yoyote ni hili: Je, unagawika? Namba nzima ina tabia kama ya familia. Kuna inayokubali kugawana na kila mtu, na kuna isiyokubali kamwe bila kubakisha kitu.

Anza na mkia. Namba ya Homa Bay inaishia na 0, kwa hivyo inagawika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Sasa tazama tarakimu mbili za mwisho, 50. Je, 50 inagawika kwa 4? La, inabaki 2. Basi namba nzima haigawiki kwa 4, hata kama mbele yake kuna mamilioni. Kwa nini? Kwa sababu kila mia moja inagawika kwa 4 bila baki, kwa hivyo mia zote za mbele tunaziacha zijipange zenyewe. Shida, ikiwapo, imo mkiani. Ya Migori inaishia na 36, na 36 ni 4 mara 9. Kwa hivyo Migori inagawika kwa 4.

Ukitaka kujua kuhusu 8, tazama tarakimu tatu za mwisho, maana kila elfu moja inagawika kwa 8. Homa Bay ni 950. Ukigawa kwa 8 unapata 118 na baki ya 6. Migori ni 436. Unapata 54 na baki ya 4. Zote mbili zinakataa.

Utaniuliza, mwalimu, kwa nini unashughulika na 8? Ni kwa sababu Kaunti ya Homa Bay ina maeneobunge 8, na ya Migori pia ina 8. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 89, inataka maeneobunge yakaribiane kwa idadi ya watu. Unachukua watu wa nchi nzima, ambao mwaka 2019 walikuwa 47,564,296, unawagawa kwa maeneobunge 290. Ukifanya hesabu hiyo unapata 164,014 na baki ya 236. Hicho ndicho kipimo. Kisha Katiba inaruhusu eneobunge kuzidi kipimo au kupungua kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache sana, asilimia 40.

Sasa gawa kwetu. Homa Bay, kila eneobunge lingepata watu 141,493, na watu 6 wanabaki. Migori, 139,554, na watu 4 wanabaki. Wale 6 na wale 4 si namba za ubaoni tu. Ni watu, wana majina na mama zao. Huwezi kuwakata vipande wala kuwaacha njiani. Ndiyo sababu Katiba haikusema maeneobunge yalingane sawasawa. Waliyoiandika walijua kwamba namba haitakubali, wakaacha nafasi ya kupumua. Basi siku utakaposikia watu wakibishana juu ya mipaka, kumbuka kwamba nyuma ya kelele zote kuna kitendo cha kugawanya ambacho wewe na mtoto wako mnaweza kukifanya mezani.

Tuendelee. Swali la pili ni la 9, na hapa ndipo utamu ulipo. Wazee wa Kiswahili waliita tisa kenda, na nami nitatumia neno lao.

Jumlisha tarakimu za Homa Bay: 1 na 1 na 3 na 1 na 9 na 5 na 0. Jumla ni 20. Jumlisha tena 2 na 0, unapata 2. Hiyo 2 ndiyo baki utakayoipata ukigawa 1,131,950 kwa 9. Huamini? Gawa. Nitakusubiri.

Siri yake haina uchawi. Watu wa kila pahali hufunga vitu mafungu ili wasichoke kuhesabu. Sikiliza Mjaluo akihesabu: moja ni achiel na sita ni auchiel, mbili ni ariyo na saba ni abiriyo. Sita na saba zimebeba ndani yake moja na mbili, kwa sababu tano imeshafungwa kando. Sisi tunapoandika tunafunga kwa kumi. Sasa chukua noti ya shilingi 100 uigawe kwa watoto 9. Kila mmoja anapata 11, inabaki shilingi 1. Noti ya 1,000, kila mmoja anapata 111, inabaki shilingi 1. Kumi, mia, elfu, laki, milioni, kila moja ukiigawa kwa kenda inabakisha 1. Kwa hivyo tarakimu 3 iliyokaa mahali pa elfu kumi inabakisha 3, ile 9 ya mahali pa mia inabakisha 9, na kadhalika. Kujumlisha tarakimu ni kukusanya mabaki tu.

Faida yake ni nini? Ni mlinzi wa daftari. Sensa ilitupa Homa Bay kwa mafungu matatu: wanaume 539,560, wanawake 592,367, na watu wa jinsia mbili 23. Jumlisha tarakimu za kila fungu mpaka ibaki moja: ya kwanza ni 1, ya pili ni 5, ya tatu ni 5. Pamoja ni 11, yaani 2. Na jumla kuu, tumeona, inatoa 2. Zimekubaliana. Migori ni wanaume 536,187, wanawake 580,214 na watu wa jinsia mbili 35. Mabaki ni 3, 2 na 8. Pamoja 13, yaani 4. Na 1,116,436 inatoa 22, yaani 4. Umekagua sensa ya kaunti mbili bila kikokotoo, chai ikiwa bado ina moto.

Naam, msomaji, huenda unasema hayo ni michezo ya watu wenye nafasi. Ngoja nikusimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda matatu kutoka Migori, nikapitia Awendo na Rongo, nikashukia Homa Bay kumjulia hali dada yangu. Ilikuwa Desemba. Dada alikuwa mwanachama wa chama cha kina mama wauza omena, na siku ile ilikuwa ya kugawana akiba ya mwaka mzima. Nilipofika nilikuta watu wamekaa kimya, kila mmoja akitazama pembeni. Mweka hazina, mama wa makamo aliyeshika kazi ile miaka mingi, alikuwa ameinamisha kichwa. Daftari kubwa lilisema fedha kadha wa kadha. Sanduku lilikuwa na upungufu wa shilingi 1,800.

"Mwalimu," mama mwenyekiti aliniambia kwa sauti ya chini, "pesa za watu zimeliwa."

"Mmehesabu upya?"

"Mara tatu. Sanduku ni lile lile na daftari ni lile lile."

Mweka hazina alisema atauza mbuzi wake alipe, mradi asiitwe mwizi mbele ya watoto wake. Hapo moyo uliniuma, kwa sababu mtu akilipa deni ambalo si lake, jina la mwizi halifutiki. Linapigwa muhuri.

Nikatazama ile 1,800. Moja na nane ni kenda. Nikaomba daftari kubwa na vile vijitabu vidogo vya stakabadhi. Nikawaambia wanitafutie mahali ambapo tarakimu ya elfu na tarakimu ya mia zinapishana kwa mbili. Walinishangaa, lakini walianza kusoma, mmoja akitaja cha stakabadhi na mwingine akitazama daftari. Ukurasa wa tano tukakipata. Stakabadhi ilisema 4,630. Daftari kubwa lilisema 6,430. Nne na sita zilikuwa zimebadilishana viti.

Aliyenakili alikuwa binti wa mweka hazina, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuwa akimsaidia mamake usiku kwa mwangaza wa taa ya mafuta. Hakuna aliyeiba hata senti. Kina mama wale walicheka, wengine walilia kidogo, na mbuzi yule akaponea chupuchupu.

Nilijuaje? Ukibadilishana nafasi za tarakimu mbili, tofauti hugawika kwa kenda daima. Chukua 64 na 46: tofauti ni 18. Chukua 91 na 19: tofauti ni 72. Chukua zozote. Tarakimu inayohama kutoka kumi kwenda moja inapoteza kenda zake, na ile inayopanda inapata kenda zake. Kinachobaki ni kenda tupu. Katika 1,800 kuna 900 mara mbili. Ile 900 ilinionyesha kwamba waliobadilishana ni elfu na mia. Ile mbili ilinionyesha kwamba wanapishana kwa mbili.

Lakini nisikudanganye. Kenda si hakimu, ni mpelelezi. Katika kila tofauti kenda unazoweza kuzitaja, moja hugawika kwa kenda kwa bahati tu. Shilingi 1,800 ingeweza kuwa imeibwa kweli. Hesabu ilituambia pa kutazama. Stakabadhi ndiyo iliyotoa ushahidi. Usimsafishe mtu wala kumtia hatiani kwa kenda peke yake.

Na mlinzi huyu ana usingizi wake. Kama karani angeandika Homa Bay kuwa 1,131,590 badala ya 1,131,950, jumla ya tarakimu ingebaki 20 ile ile na kenda asingeshtuka. Ndipo tunamwita mlinzi wa pili, kumi na moja. Huyu hajumlishi tu. Anaanza mkiani na kupokezana, anajumlisha kisha anatoa. Namba sahihi: 0 toa 5, ongeza 9, toa 1, ongeza 3, toa 1, ongeza 1. Jibu ni 6. Namba ya makosa: 0 toa 9, ongeza 5, toa 1, ongeza 3, toa 1, ongeza 1. Jibu ni 2 chini ya sifuri. Hazifanani, kosa limenaswa. Kumi na moja hukamata tarakimu mbili jirani zilizobadilishana viti kila mara. Geuza kitabu chochote cha zamani nyumbani mwako, kilichochapishwa kabla ya 2007, utazame namba ya ISBN nyuma yake. Tarakimu ya kumi imewekwa kwa hesabu ya kumi na moja, na wakati mwingine utakuta herufi X badala yake, maana baki imefika kumi na nafasi ni ya tarakimu moja tu. Imewekwa hapo kumlinda muuza vitabu na vidole vyake mwenyewe.

Swali la tatu kwa mgeni wetu: Ndani yako mna nini? Tuzichane namba zetu mpaka zisichanike tena.

Homa Bay ni 2 mara 5 mara 5 mara 22,639. Migori ni 2 mara 2 mara 279,109. Hapo zinasimama. Hiyo 22,639 na hiyo 279,109 ni namba tasa, yaani hazigawiki kwa namba nyingine yoyote ila 1 na zenyewe. Jina limekaa vizuri: hazizai mafungu sawa. Kwa hivyo Homa Bay unaweza kuipanga katika makundi 50 ya watu 22,639 kila moja, au 25, au 10, au 5. Inagawika kwa namba 12 kwa jumla. Migori ina 6 tu: 1, 2, 4, na wenzao wakubwa 279,109, 558,218 na yenyewe. Kaunti mbili jirani, watu karibu sawa, tabia mbali mbali.

Nilijuaje kwamba 22,639 ni tasa? Nilijaribu kuigawa kwa namba tasa zote kuanzia 2, 3, 5, 7, 11 mpaka 149. Ni 35. Sikuhitaji kuendelea, kwa sababu 151 mara 151 inazidi 22,639. Kama ingekuwa na kigawanyo kikubwa, mwenzake angekuwa mdogo na ningekuwa nimeshakutana naye. Kwa 279,109 nilijaribu namba tasa 99, mpaka 523. Ilinichukua jioni nzima na birika mbili za chai.

Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo inayolinda siri nyingi duniani leo. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni kufuli ya hesabu. Unachukua namba mbili tasa kubwa mno, unazizidisha, unatangaza jibu hadharani. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma na kuzijua zile mbili ndiyo shughuli. Mwaka 2020 wataalamu walifaulu kuichana namba moja ya namna hiyo yenye tarakimu 250, wakitumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Lakini kufuli inayotumika sana kwenye intaneti ina tarakimu 617. Jioni yangu moja na zile 99 si kitu mbele yake.

Sasa nikuachie jambo la mwisho la mgeni wetu. Jaribu kugawa Homa Bay kwa 3. Jumla ya tarakimu ni 20, kwa hivyo haigawiki, inabaki 2. Jaribu Migori. Jumla ni 22, haigawiki, inabaki 1. Kila moja peke yake inakataa. Sasa ziunganishe kama zilivyokuwa siku za South Nyanza. Unapata 2,248,386. Jumlisha tarakimu: 33. Inagawika kwa 3! Baki ya 2 ya upande mmoja na baki ya 1 ya upande wa pili zimekutana zikawa fungu kamili. Hakuna aliyeachwa nje.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kidogo: hata penye daftari, mtu mwema anaweza kupotea bila habari kama hakuna anayejua kulisoma. Yule binti wa kidato cha pili hakuacha hesabu kwa aibu ya kosa lake. Mamake alimwambia tangu siku ile, kila ukurasa akimaliza kunakili, aandike baki ya kenda chini kwa penseli. Fanya hivyo na wewe, kwenye chama chako, dukani kwako, au kwenye karatasi ya mtihani wa mwanao.

Mazoezi ya nyumbani, wazazi kwa watoto:

1. Idadi ya Wakenya ya 2019 ni 47,564,296. Je, inagawika kwa 8? Je, kwa 9?

2. Daftari mbili zinatofautiana kwa shilingi 2,700. Ukishuku kwamba tarakimu zimebadilishana viti, utatazama wapi?

3. Ukigawa idadi ya watu wa Migori kwa 11, inabaki ngapi?

Majibu ni haya, lakini usichungulie kabla ya kujaribu. La kwanza: kwa 8 inagawika, maana 296 ni 8 mara 37. Kwa 9 inabaki 7. La pili: mahali ambapo elfu na mia zinapishana kwa 3, kama 4,100 na 1,400. La tatu: inabaki 2.

Ukikosa, futa uanze upya. Penseli iliumbwa na kifutio kwa sababu hiyo. Jumapili njema.